Kuni, Pamba na Miti ya Usukuma

Chama Kikuu kinapotimiza miaka 10, ni desturi kuhesabu marobota na fedha. Sisi twapenda kuhesabu pia kuni. Maana hakuna pamba iliyolimwa Bariadi pasipo chakula kupikwa kwanza.

Wazee wetu waliitunza nchi kwa ngitili, yaani malisho yaliyofungwa wakati wa mvua ili mifugo iyatumie wakati wa kiangazi. Lakini katika utawala wa Waingereza mapori mengi yalifyekwa ili kuwaondoa mbung'o. Kisha pamba ikastawi, hasa baada ya Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria kuundwa mwaka 1955, likiongozwa na Paul Bomani. Fedha ya pamba ikanunua ng'ombe. Mashamba na mifugo vikaongezeka, miti ikapungua.

Faida ile twaishukuru, lakini sehemu ya gharama yake ililipwa na akina mama, waliozidi kwenda mbali kutafuta kuni. Palipokosekana kuni pakachomwa samadi. Na kila kikapu cha samadi kilichoungua jikoni kilikuwa mbolea iliyokosekana shambani. Hivyo umaskini wa ardhi ukazaa umaskini wa nyumba.

Mwaka 1986, Bariadi ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga, Serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Mpango huo haukutegemea miche peke yake, bali uliirudia hekima ya ngitili: eneo likafungwa, visiki vikachipua. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimepita hekta 300,000. Sababu ya kufaulu ni kwamba aliyefunga eneo ndiye aliyevuna majani, nguzo, asali na kuni.

Hapo pana fundisho. Kuni ni nishati isiyokwisha, ila kwa sharti kwamba tukate kidogo kuliko kinachoota. Tena miti ya pamba, ambayo yatupasa kuing'oa na kuiteketeza baada ya mavuno ili kuua wadudu, yafaa iivishe ugali kuliko kuungua bure shambani, mradi imalizwe kabla ya siku ya mwisho iliyowekwa.

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Basi kila chama cha msingi na kiandike hekta za ngitili kando ya kilo za pamba, ili sherehe ijayo tusome hesabu zote mbili pamoja.