Ushauri nasaha ni kinga ya mtoto dhidi ya ukatili wa kingono

UKATILI wa kingono dhidi ya mtoto ni tendo lolote la kingono analofanyiwa, au analorubuniwa kulifanya, mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Nchini Tanzania, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka adhabu kali, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikamtaka mwanajamii kutoa taarifa aonapo haki za mtoto zikikiukwa.

Hata hivyo, adhabu huja baada ya mtoto kuumizwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walitendewa ukatili huo kabla ya kutimiza miaka 18. Takriban nusu ya wasichana hao, na theluthi moja ya wavulana, ndio waliomweleza mtu.

Ukimya huo ndio unaovunjwa na ushauri nasaha. Mshauri humsikiliza mtoto bila kumharakisha, humwondolea hisia ya kujilaumu na humwelekeza mzazi namna ya kumlinda asirudiwe. Aidha, mtoto aliyebakwa anapaswa kufikishwa hospitali ndani ya saa 72, ili apewe dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya Ukimwi.

Mkoani Tabora, njia ya kale ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji iliujenga mji, na hospitali ya rufaa ya mkoa, Kitete, iko hapo. Familia za wakulima wa tumbaku Urambo, Kaliua na Sikonge ziko mbali nayo. Kwao, mlango wa kwanza ni mwalimu, zahanati, Ofisa Ustawi wa Jamii, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au simu ya bure namba 116.

Tiba humhusu pia mtu mzima anayehofia kuwa atamdhuru mtoto. Mjini Berlin, Ujerumani, hospitali ya Charité ilianza mwaka 2005 kuwatibu watu hao bure na kwa siri, kabla hawajatenda kosa. Aliyekwisha kutenda, tiba haimwondolei mkono wa sheria.

Kinachokwamisha juhudi hizo ni kesi kumalizwa nyumbani kwa fedha au ng'ombe. Wazee wakishapatana, mtoto hubaki na jeraha lake, na mtuhumiwa hubaki jirani.