Hosi Haifungwi Fundo

Kabla ya hosi kulikuwa na waya. Buldoza la miaka ya 1930 na 1940 liliinua bledi yake kwa kamba ya chuma iliyozungushwa kwenye winchi nyuma ya opereta. Waya ukikatika, opereta alishuka, akakata kipande kilichochakaa, akavuta waya mpya kutoka kwenye rola la akiba lililobebwa na mashine yenyewe, akaukaza kwa kabari na kurudi kitini. Greda la wakati huo, kama Caterpillar No. 12 iliyotoka 1938, liliinua bledi kwa shafti na gia. Kitu kikivunjika, mtu mwenye nyundo, moto na akili alikirekebisha pale pale chini ya mgunga.

Enzi hiyo ya waya ndiyo barabara zetu zilipata haraka yake ya kwanza, na ilikuwa haraka ya vita. Serikali ya kikoloni haikuwa na haja kubwa ya barabara katika Northern Frontier District. Ilikuwa na haja ya mpaka. Sheria ya wilaya maalum ya 1934 iliwapa maofisa uwezo wa kukamata watu na mali ya kabila zima lililotangazwa kuwa adui, na mtu uliyemfungia humjengei njia ya kutokea. Halafu 1940 Italia ikaingia vitani, Somalia ya Waitaliano ikawa adui wa jirani, na ghafla njia zikahitajika. Wahandisi wa jeshi la Afrika Kusini walichimba visima na kupasua barabara nyikani. Februari 14, 1941 Kismayu ikatekwa, Februari 25 Mogadishu. Majeshi yakapita, vumbi likatua, barabara zikaachiwa mvua.

Nimeanza na waya makusudi. Tukiongea juu ya barabara za North Eastern, huwa tunaongea juu ya nani alikataa kuzijenga na nani alikula pesa. Sawa, nitafika huko. Lakini kuna hii story nyingine, ndogo, yenye grisi, ambayo sijawahi kuona mtu akiiandika: mashine ya kujenga barabara ilibadilika, ikawa haiwezi tena kutengenezwa mahali inapoharibikia, na ilibadilika miaka ile ile sisi tulipokuwa tumefungiwa mbali na mahali inapotengenezwa.

Wazo la haidroliki ni la zamani. Pascal, Mfaransa wa karne ya 17, alieleza kwamba ukisukuma kimiminika kilichofungiwa, msukumo unafika kila upande kwa nguvu ile ile. Mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah akasajili shinikizo lake la maji, na kitu kilichomsumbua ni kuvuja. Miaka zaidi ya 200 baadaye bado ni kuvuja. Kwenye mitambo ya kuchimba, mapinduzi yenyewe yalikuja baada ya Vita vya Pili. Mwaka 1953 Joseph Cyril Bamford, yule wa JCB, akatoa mashine yake ya kwanza ya kuchimbia kwa nyuma. Mwaka 1954 Demag ya Ujerumani ikatoa ekskaveta inayoendeshwa yote kwa oili, na 1961 Poclain ya Ufaransa ikafuata na TY45. Magreda yalichelewa kidogo: Caterpillar walileta familia yao ya G, bledi ikiendeshwa kwa haidroliki, mwaka 1973. Waya, shafti na gia vikaanza kwenda makumbusho.

Nguvu sasa ilisafiri ndani ya oili, na oili ilihitaji njia inayopinda kila mkono wa mashine unapopinda. Njia hiyo ndiyo hosi. Ukiikata utaona historia yake kwa matabaka: ndani mpira usioliwa na mafuta, katikati nyuzi za chuma zilizosukwa au kuzungushwa, nje ngozi ya mpira ya kuzuia msuguano. Kwenye ekskaveta inabeba shinikizo la bar 300 na zaidi. Tairi la gari dogo liko karibu na bar 2. Mwisho wa hosi una kichwa cha chuma ambacho hakifungwi kwa mkono: kinabanwa na mashine maalum, kwa kipimo chake, la sivyo kinaruka kama risasi. Hapo ndipo opereta wa chini ya mgunga alipopoteza kazi yake ya ufundi. Waya unaunga. Hosi iliyopasuka ukiifunga kwa raba ya tyubu na waya wa senyenge, umeifunga bandeji tu.

Sasa chukua kalenda hiyo uiweke kando ya yetu. Desemba 28, 1963, wiki mbili baada ya uhuru, serikali ilitangaza hali ya hatari North Eastern. Vita vya Shifta vilipoendelea, mabomu ya ardhini yakatokea barabarani, na barabara ikawa kitu cha kuogopa kabla haijawa kitu cha kutumia. Mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967 yalimaliza vita, hali ya hatari ikabaki hadi 1991. Katikati ya hapo kuna Waraka wa Serikali Nambari 10 wa 1965, uliosema kwa lugha safi kwamba pesa za maendeleo ziende mahali zitakapozaa zaidi: penye ardhi nzuri, mvua, umeme na usafiri tayari. Yaani kukosa barabara kukawa sababu ya kunyimwa barabara. Huo waraka nimeusoma mara tatu na kila mara nacheka mahali pale pale, kicheko kibaya.

Kwa hiyo miaka ambayo ufundi ulihama kutoka porini kwenda kwenye duka lenye mashine ya kubania, duka hilo lilikuwa Nairobi. Kutoka Garissa ni kama kilomita 370. Kutoka Wajir ongeza zaidi ya 300. Mandera ni kama kilomita 1,000 kutoka Nairobi.

Haya sikuyajua darasani. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo iliisha kabla ya hamu, na kabla sijaanza kuandikia watu kwa malipo ya kipande kwa kipande nilishika spana kwa fundi mmoja wa hosi hapa Garissa. Yeye ni Mkamba wa Mwingi, alikuja na mkandarasi baada ya mafuriko ya El Niño ya 1998 na hakurudi. Opereta kutoka Wajir wanamwita "adeer", naye anawajibu "sema walaal" kwa lafudhi inayowachekesha kila siku. Mimi nilimwita mzee. Aliniita kijana hata siku nilipomletea nakala ya insha yangu ya kwanza.

Kubadilisha hosi si kazi ya nguvu. Ni kazi ya subira, na asilimia kubwa ya subira ni kabla hujagusa nati. Unashusha ndoo ya ekskaveta mpaka chini, kwa sababu ndoo iliyo hewani imeshikwa na oili. Unazima injini, unawasha suichi bila kupiga stata, unachezesha levas huku na huku ili shinikizo lililobaki litoke. Unaacha oili ipoe. Unalegeza kifuniko cha tangi polepole. Unafuta kila kitu, maana mchanga wa Garissa ukiingia kwenye mfumo, utakula pampu, na pampu ndiyo bei ya nyumba. Halafu spana mbili: moja inashikilia, nyingine inafungua. Hosi mpya ikijipinda wakati wa kukaza, itakufa mapema. Ncha zilizo wazi unaziba mara moja. Mzee alikuwa anatembea na mfuko wa vizibo kuliko sigara.

Na hakuna kupapasa. Tundu la hosi linaweza kuwa dogo kuliko la sindano, na oili inayotoka hapo inapenya ngozi. Unahisi kama umedungwa na mwiba, hata damu haitoki, unapangusa unaendelea. Baada ya saa chache mkono umevimba, na asiyepasuliwa mapema anaweza kuupoteza. Ukitafuta uvujaji unapitisha kipande cha kadibodi. Opereta mmoja niliyemjua ana vidole vinne mkono wa kulia. Alidungwa saa nne asubuhi, mbali na lami, na gari la kumleta hospitali lilipatikana jioni.

Kitu kilichonifanya nianze kufikiria historia ni nati. Mzee ana rafu nzima ya vichwa vya hosi, na nilidhani ni fujo mpaka aliponipanga. Mashine ya Mwingereza ina nyuzi za BSP, koni ya digrii 60. Ya Mmarekani inakuja na JIC, digrii 37. Komatsu ya Mjapani ina yake, digrii 30. Mitambo ya Kichina mingi ni metriki, digrii 24. Ukichanganya, nati itaingia nusu, itakudanganya kwamba imekaza, halafu mashine ikibeba mzigo itakutemea oili ya moto. "Hawa watu," mzee alisema, "wote walikuja kutujengea barabara moja, na hakuna aliyekubali nati ya mwenzake." Rafu ya BSP ina vumbi. Ya metriki inajazwa kila mwezi. Kama unataka kujua ni nani amekuwa akichimba nchi hii na lini, usianze na hotuba za uzinduzi.

Tena ana daftari. Ni daftari la shule, kurasa 200, ameanza la kwanza 2009 na sasa yuko la nne. Kila hosi ina mstari: tarehe, aina ya mashine, mahali ilipolala, saizi ya hosi, na safu ya mwisho imeandikwa "siku". Hiyo ni idadi ya siku ambazo mashine ilisimama. Mwanzoni hakuwa na mashine ya kubania. Hosi iliyopasuka ilifunguliwa, ikapakiwa kwenye basi kama sampuli mpaka Eastleigh, kijana fulani akaipokea, akaipeleka Kirinyaga Road kutafutiwa mwenzake, ikarudi kwa basi lingine kama kifurushi. Kupita Garissa kuelekea kaskazini ilisubiri siku ya msafara wenye polisi. Ikifika na pembe ya kichwa si yenyewe, safari inaanza upya. Kurasa za 2009 na 2010, safu ya siku inasoma 8, 11, 9, 14. Mstari mmoja wa Modogashe ni 23.

Kati ya Desemba 2014 na Agosti 2015 daftari halina kitu. Novemba 22, 2014 Al-Shabaab waliua watu 28 katika basi lililotoka Mandera, Desemba 2 wakaua 36 kwenye machimbo ya mawe. Walichagua wasio Waislamu, wengi wakiwa wafanyakazi kutoka sehemu nyingine za nchi, watu kama mzee. Aprili 2, 2015 wakaua 148 hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Garissa. Mzee alikuwa ameenda Mwingi. Aliporudi alikuta operata watatu wamekaa nje ya duka lililofungwa, kila mmoja na hosi yake mkononi. Anasema hakujua kama acheke au alie, akafungua mlango.

Ugatuzi wa 2013 ulileta mitambo. Miji kama Wajir na Mandera iliona lami yake ya kwanza miaka hiyo, nusu karne baada ya uhuru, na magreda mapya yalipigwa picha mengi kuliko maharusi. Sina neno, barabara ni barabara. Ila sijawahi kuona picha ya mtu akikabidhiwa katoni ya hosi. Ukipita yadi za mitambo katika miji ya kaskazini utaona mashine yenye rangi bado inang'aa, imelala kwa kitu ambacho bei yake ni chini ya tairi moja la mbele. Tenda ya kununua mashine ina wenyewe. Ya kununua mpira wa mita 2 haina mtu wa kuipigania.

Na mashine hizi hazichimbi barabara tu. Wakati wa ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua mfululizo ilishindwa. Kazi kubwa ya ekskaveta ilikuwa waro, mabwawa ya kutega maji. Bwawa lina tarehe ya mwisho ambayo hakuna mkandarasi anayeweza kuiomba isogezwe: lazima shimo liwe tayari kabla ya mvua ya deyr, Oktoba. Mwaka 2023 tuliitwa upande wa Dadaab, hosi ya silinda ya mkono mkubwa imepasuka, robo ya shimo haijachimbwa, mawingu tayari yanaonekana. Wazee walikuwa wamekaa kivulini wanaiangalia ile mashine jinsi mtu anavyoangalia ng'ombe anayezaa vibaya. Mama mmoja aliniuliza, "Abowe, hiyo kamba tu ndiyo imeizuia?" Nikamwambia ndiyo, eeddo, hiyo tu. Hosi ilikuwa imebanwa Garissa asubuhi hiyo. Kufikia magharibi ndoo ilikuwa inainuka. Mvua iliyokuja, mnaikumbuka, ilikuja kwa wingi wa kukata hata barabara ya Nairobi.

Mashine ya kubania mzee aliinunua 2017, ya mtumba. Tangu hapo safu ya siku imebadilika sura. Garissa mjini anaandika 1, na mara nyingine anaandika "saa 3" kwa kujigamba, anapiga mstari chini yake. Masalani 2. Dadaab 1 au 2. Nilipita wiki jana kunakili kurasa za mwaka huu na nikaangalia zile za juu kabisa ya ramani: El Wak 6, Rhamu 7, El Wak tena 6. Niliuliza hiyo 7 ya Rhamu ilikuwa nini. Mzee akachukua daftari, akasogeza miwani, akasema hosi ilikuwa tayari kwa dakika 40, zilizobaki zote ni barabara.