Maombolezo ya Yerusalemu

Mnamo mwaka 586 kabla ya Kristo, jeshi la Nebukadneza wa Babeli liliteketeza hekalu la Yerusalemu na kuwapeleka watu wengi uhamishoni. Msiba huo ndio chimbuko la mashairi matano ya kitabu cha Maombolezo. Mapokeo yanasema yalitungwa na nabii Yeremia, ingawa wataalamu wengi wana shaka. Manne ya kwanza yanafuata mpangilio wa herufi 22 za Kiebrania. La tano halina mpangilio huo. Ajabu ni kwamba ndani ya ufundi mkali kiasi hicho mtunzi hamung'unyi maneno: anakiri dhambi za taifa, kisha anamshtaki Mungu waziwazi kuwa amegeuka kama adui, na njaa ya watoto anaitaja bila kuipamba.

Wayahudi hukisoma kitabu hiki kila tarehe 9 ya mwezi wa Av katika kalenda yao, siku ya kufunga, wakiwa wameketi sakafuni au kwenye vigoda. Mstari wa mwisho unabaki na hofu kwamba huenda Mungu amewakataa kabisa. Haukufutwa, ila masinagogi yana desturi ya kurudia mstari unaoutangulia, ambao ni ombi la kurejeshwa, ili usomaji usikomee kwenye hofu hiyo. Kanisa Katoliki nalo liliingiza sehemu za Maombolezo katika sala za Juma Kuu.