Rangi ya mawese ilienda wapi?

Leo tuongelee mawese. Ndiyo, haya haya ya ndani ya bidoni, yanayofika kwa pirogi kisha yanapanda toleka mpaka sokoni. Mimi nilisoma historia, siko daktari. Lakini ndani ya mafuta haya kuna habari ya macho ya wazee wetu, na inaanzia hapa hapa Tshopo.

Mwaka 1911 Ubelgiji ilifunga mkataba na Mwingereza William Lever, mwenye sabuni ya Sunlight. Kampuni yake, Huileries du Congo Belge, ikapewa maeneo matano ya michikichi. Moja ni Elisabetha, Lokutu ya leo, ukishuka mto kutoka Kisangani. Watu walipanda miti kukata ngazi, wengi kwa kulazimishwa, na mafuta yakaenda Ulaya kuwa sabuni na margarini.

Sasa, sabuni nyeupe haitaki mafuta mekundu. Kiwandani rangi iliondolewa. Na rangi hiyo ni karotini, ambayo mwili unageuza kuwa vitamini A: kilo moja ya mawese yasiyosafishwa ina kama miligramu 500 hadi 700. Halafu wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, serikali ya Uingereza ikaamuru margarini iongezwe vitamini A. Umeona mambo! Huku Yangambi, mwaka 1941, Beirnaert na Vanderweyen walionyesha jinsi unene wa ganda la ngazi unavyorithiwa, na mbegu ya tenera yenye mafuta mengi ikaenea mpaka Malaysia. Hesabu ilikuwa ya lita. Rangi nani aliuliza?

Vidonge ndivyo viliirudisha. Mwaka 2001 Taasisi ya Taifa ya Macho ya Marekani ilitoa matokeo ya utafiti wa AREDS: betakarotini, vitamini C na E, zinki na shaba. Kwa wazee ambao makula yao (ile sehemu ya katikati nyuma ya jicho, tunayosomea) ilikuwa imeshaharibika kiasi, hatari ya kufika hatua mbaya ilipungua karibu robo. Wenye macho mazima hawakuonekana kupata faida. Kwa mtoto wa jicho, vidonge havikusaidia kitu.

Tena kulikuwa na hatari. Tangu 1994 utafiti wa Finland ulikuwa umeonyesha kwamba wavutaji sigara waliopewa betakarotini walipata kansa ya mapafu zaidi. Ndiyo maana AREDS2, mwaka 2013, ikaitoa na kuweka luteini na zeaksantini, ambazo ndizo zinakaa kwenye makula yenyewe. Luteini iko wapi? Kwenye majani ya kijani: sombe, matembele, lengalenga. Na inahitaji mafuta ili mwili uipokee, jambo ambalo mama zetu walishapanga ndani ya sufuria bila kumuuliza mtu.

Nisieleweke vibaya. Sombe siyo dawa. Watafiti wa Marekani waliona mwaka 1994 kwamba wanaokula majani sana wanaugua makula kidogo zaidi, lakini kuona hivyo siyo kuthibitisha. Mawese nayo yanasaidia hasa mtoto au mama mjamzito aliyekosa vitamini A, yule asiyeona giza likiingia. Jicho la mzee ni habari nyingine, na hapo watu wengi wanachanganya, hata wenye diploma.

Wauza chupa wanajua tunachanganya. Juzi sokoni nilionyeshwa moja, "vitamini ya macho", betakarotini tupu, ikiuzwa kwa koko mwenye mtoto wa jicho. Kwenye kikapu chake alikuwa na chupa ya mawese mekundu. Mtoto wa jicho unaondolewa kwa operesheni: lenzi iliyofifia inatolewa, nyingine inawekwa. Pesa ya chupa ingeanza kuchangwa kwa hiyo. Na kama koko anavuta sigara, aache, maana sigara inaharibu makula na lenzi pia.