Hesabu Zilizotoka Entebbe

Ukikutana Temeke na mzee aliyesoma sekondari miaka ya 1960, mtajie Entebbe. Huenda asikusimulie ile ndege iliyotekwa mwaka 1976, akakusimulia kitabu cha hesabu.

Kitabu chenyewe kilitoka kwenye warsha. Mwaka 1962 wanahisabati na walimu wa Marekani, Uingereza na nchi kadhaa za Afrika walijifungia Entebbe, kando ya Ziwa Victoria, chini ya Ted Martin wa chuo cha MIT. Wamarekani walikuwa bado na kiwewe cha Sputnik, iliyorushwa na Warusi mwaka 1957, wakaamini shule zinataka hesabu mpya. Basi wakaandika, tena kwa Kiingereza: seti, muungano wa seti, seti tupu.

Hebu fikiria, mtoto anarudi nyumbani na seti tupu! Mama muuza vitumbua anapiga hesabu ya unga, mafuta na chenji kichwani bila kukosea, lakini daftari la mwanawe halimwambii kitu. Hapo ndipo warsha ilipoteleza, naona mimi. Wahesabuji wa kila siku hawakuitwa Entebbe. Kenya ilizipiga marufuku hesabu hizo mwaka 1981; Tanzania nayo iliziacha.

Ila tusiwacheke sana, jamani. Simu inayochuja sauti yako katikati ya kelele za daladala inatumia mantiki ileile: kimo au hakimo, moja au sifuri. Mzee wetu aliyakariri hayo kabla hajaona kompyuta hata moja, wala hakuambiwa ni ya kazi gani.