Imesoma?

Juzi nilikuwa mwaloni Kirumba, Mwanza, nikanunua sado moja ya dagaa. Nikatuma hela kwa simu, nikaanza kufunga mfuko wangu. Muuzaji akaniwahi: "Subiri kidogo babu, haijasoma." Tukasimama, sote wawili tumeinamia simu yake yenye kioo kilichopasuka. Ikalia. "Haya, imesoma. Asante babu."

Mimi nilijifunza kusoma kwa kiboko. Sikujua kama hela nayo imepita darasani. Lakini nikikumbuka vizuri, hapo hapo mwaloni mizani ya sangara ilikuwa "ikisoma" kilo kabla M-Pesa haijaingia nchini mwaka 2008. Mita ya maji nayo husoma, na laini ya simu ikigoma tunasema haisomi. Wenye sarufi yao watataka "inasomeka". Waende kwanza wakapime samaki.

Ninayemhurumia ni "muamala". Neno hili la asili ya Kiarabu lilibeba mambo mengi baina ya watu: kuuziana, kukopeshana, hata kutendeana wema. Mwaka 2021 ikaja tozo ya miamala ya simu, na waliokuwa hawalijui wakalijua kwa uchungu. Sasa limebaki kuwa meseji yenye namba ndefu.

Noti haikuwa na haja ya kusoma. Ilifungwa kwenye pindo la kanga, ikatoka inanuka samaki.

Nyumbani mama watoto akauliza dagaa ni bei gani siku hizi. Nikamwambia atazame kwenye simu.