Kunyoosha Mgongo

Migongo ya watu wa Tanga ina historia yake, na historia hiyo ni ya mkonge. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai na kupandwa karibu na Pangani ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo michache yalienea mashamba makubwa, na mashamba yakawavuta manamba kutoka pembe nyingi za nchi.

Baba yangu alikuwa mmoja wao. Alikata majani kwa kuinama tangu alfajiri, na mshahara aliupata alipotimiza kipande chake cha siku 30 za kazi. Siku aliyolala kwa maumivu haikuhesabiwa. Jioni alijilaza chali mkekani, akapandisha miguu juu ya kitanda cha kamba, akafumba macho. Mama alitunong'oneza, "Nyamazeni, baba yenu ananyoosha mgongo."

Uzeeni, hapa Nguvumali, baada ya miaka mingi ya kuinamia madaftari ya wanafunzi, nilisoma habari za yoga, nikaukuta mkao ule ule. Kitabu cha Kihindi cha karne ya 15, Hatha Yoga Pradipika, kinataja namna ya kuupindua mwili iitwayo viparita karani. Leo jina hilo hupewa mkao mpole wa kuegemeza miguu ukutani. B.K.S. Iyengar, aliyezaliwa mwaka 1918 na kukua akiwa mgonjwa mgonjwa, ndiye aliyeeneza matumizi ya mablanketi, mito na viti ili mwili upumzike bila kujikaza.

Hufanywa hivi: kaa ubavu ukiugusa ukuta, lala chali, pandisha miguu ukutani, na weka blanketi lililokunjwa chini ya nyonga. Pumua taratibu kwa dakika 5 hadi 15. Ukuta hubeba miguu na sakafu hubeba mgongo. Misuli hubaki haina kazi. Mwenye shinikizo kubwa la damu au presha ya macho na amwulize daktari kwanza.

Wapo wanaosema huu ni uvivu. Nadhani fikra hiyo tuliirithi shambani. Kipande kilikuwa na nafasi ya kuhesabu kazi, hakikuwa na nafasi ya kuhesabu pumziko. Nasi tukazoea kuamini kwamba kisichohesabiwa hakina thamani. Mashamba mengi yamekwisha kufa. Hesabu yake isiendelee kuishi migongoni mwetu.